Kitenzi cha Jumatatu

Burslem, ghorofa ya juu ya maktaba.
Mvua ya Novemba inakwaruza dirisha
na mwalimu wetu, Bi Glenys Hollinshead,
miaka thelathini na minane kiwandani,
anagonga kikombe kwa kifundo cha kidole:
kizima hulia kama kengele ndogo,
chenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua.

Kisha anaandika kitenzi kimoja ubaoni.
Kuvunja. Kwao ni silabi moja tu,
fupi kama kijiti chini ya kiatu.

"Hapa," anasema, "siku huvunjika kila alfajiri."
Zdravka, mpishi wa hospitali, anainua mkono:
na nani huokota vipande?
Bi Glenys anafikiri. "Wenye zamu ya saa kumi na moja."
Zdravka anaandika. Ndiyo zamu yake.

Asubuhi wanavunja mfungo
hata waliokula saa sita usiku.
Farasi akishafunzwa kubeba mtu, amevunjwa.
Mvulana akibalehe, sauti yake huvunjika.
Nikatabasamu peke yangu: kwetu
ni msichana, na kivunjwacho ni ungo.
Mwenye duka asiyepata faida wala hasara
amevunja sawasawa.
Na anayepanda jukwaani huombewa avunjike mguu;
hiyo, tukaambiwa, ni dua njema.
Tewolde akaweka kalamu chini.
Amevuka jangwa kwa miguu hiyo hiyo miwili.
Akasema hatapanda jukwaa lolote la watu hawa.

"Habari nazo huvunjwa," akamalizia mwalimu,
mkono mmoja tayari ndani ya koti.
"Mbaya, hasa. Huvunjwa polepole,
kama mkate wa mgonjwa."
Na nzuri je?
"Nzuri husemwa tu."

Jumatatu iliyofuata hakuja.
Alikuja kijana wa maktaba, Callum, masikio mekundu,
akasimama nyuma ya kiti chake bila kukikalia.
Samahani, akasema, nimetumwa mimi kuwavunjia...
akawa anatafuta neno lililobaki.
Hatukulihitaji. Sote kumi na mmoja
tulikuwa na daftari wazi kwenye ukurasa ule.
Ilikuwa mara ya kwanza Kiingereza
kunifikia kabla ya msemaji wake.

Mumewe, Derek. Ijumaa. Ngazi,
majani makavu kwenye mfereji wa paa.

Alirudi baada ya wiki tatu
na sanduku la vikombe vya daraja la pili,
vile ambavyo kiwanda hakikutaka
jina lake lisomeke kwenye makalio yake.
Kwa kitenzi chao, moyo wake ulikuwa vipande.
Kwa kitenzi changu, hapana: kwetu aliyevunjika moyo
hukunja mkeka wake akaenda zake,
na huyu alikuwa anatafuta kalamu ya ubao.

Tewolde, akipokea chai, akaangusha chake.

Vipande saba. Nilivihesabu
kwa kuwa sikujua pengine pa kuangalia.
Kitenzi tulikijua, na njeo yake iliyopita,
na ile sura ya tatu iliyotusumbua mwezi mzima.
Hakuna aliyethubutu kufumbua mdomo.

"Haya," akasema Bi Glenys,
"nani atanitungia sentensi?"

Akacheka yeye kwanza, sauti ina ufa,
halafu Zdravka, halafu meza nzima,
Tewolde akiwa amepiga magoti na gazeti la vigae.
Tulivunjika mbavu.
Hilo sikumfasiria mtu;
wangeita gari la wagonjwa.

Baadaye akavipitia vilivyosalia, kimoja kimoja,
kifundo cha kidole, kichwa kimeinama, akisikiliza.
Vizima akatugawia sisi.
Kilichojibu kwa mafua
akakijaza chai mpaka ukingoni,
akakinywea yeye.